Pumzi 28 kwa Dakika: Uchambuzi wa Kisa cha Kifafa cha Mimba, Magnesiamu na Dawa ya Kulegeza Misuli

Kisa hiki kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kutokana na mambo yanayofahamika vizuri katika vyumba vya upasuaji vya hospitali za wilaya na za mikoa Afrika Mashariki. Si taarifa ya mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika, wala hakiihusu hospitali fulani. Dawa, dozi na mfuatano wa matukio ni vile ambavyo mtaalamu wa usingizi anaweza kukutana navyo katika zamu yoyote ya usiku.

Kisa chenyewe

Mama wa miaka 24, mwenye mimba ya kwanza ya wiki 36 na uzito wa takriban kilo 70, alifikishwa hospitalini saa mbili usiku baada ya kutukutika mara mbili akiwa nyumbani. Shinikizo la damu lilikuwa 180/120, uso na miguu vilikuwa vimevimba, na mkojo ulikuwa na protini nyingi. Aliitikia alipoitwa jina, lakini hakujua yuko wapi. Wauguzi wa wodi ya wazazi walianza tiba ya kifafa cha mimba kama mwongozo unavyotaka: gramu 4 za magnesiamu salfeti zilidungwa polepole kwenye mshipa, na gramu 10 zaidi zikadungwa kwenye misuli ya matako, gramu 5 kila upande. Alipewa pia hidralazini ya kushusha shinikizo.

Kufikia saa nne usiku mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameanza kushuka na mlango wa uzazi ulikuwa haujafunguka, hivyo ikaamuliwa afanyiwe upasuaji. Kwa kawaida sindano ya ganzi ya mgongoni ndiyo ingekuwa chaguo la kwanza, lakini mgonjwa alikuwa bado amechanganyikiwa, hakuweza kutulia akae, na majibu ya chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, yalikuwa hayajatoka. Timu ikachagua nusukaputi. Alilazwa usingizi kwa thiopentoni, akalegezwa kwa miligramu 100 za suksamethonia, na mpira wa kupumulia wa ukubwa wa 6.5 ukaingizwa bila tabu. Mtoto alitolewa ndani ya dakika chache na akalia. Saa nne na dakika arobaini na tano, suksamethonia ilipokwisha na mgonjwa akaanza kukohoa juu ya mpira huku daktari akishona mji wa mimba, mtaalamu wa usingizi alimpa miligramu 5 za vekuroniamu, dawa ya kulegeza misuli inayodumu zaidi ya suksamethonia.

Upasuaji ulimalizika saa tano na dakika ishirini na tano. Kwa kuwa mgonjwa alikuwa tayari anapumua mwenyewe na mfuko wa mashine ya usingizi ulikuwa unajaa na kusinyaa vizuri, alipewa miligramu 2.5 za neostigmini, dawa ya kurudisha nguvu za misuli, pamoja na atropini ya kuzuia mapigo ya moyo yasishuke. Dakika saba baadaye alifumbua macho alipoitwa, na mpira ukaondolewa.

Katika chumba cha kuamkia muuguzi aliinua kidogo upande wa kichwa wa kitanda, akamvalisha barakoa ya oksijeni ya lita 6 kwa dakika na kumbana kipima oksijeni kidoleni. Kilisoma asilimia 98. Shinikizo lilikuwa 170/105, mapigo 118, pumzi 28 kwa dakika. Karatasi ya ufuatiliaji wa magnesiamu hutaka pumzi zisipungue 16 kwa dakika kabla ya dozi nyingine kutolewa; kwa kipimo hicho mgonjwa alikuwa na akiba ya kutosha.

Dakika kumi hivi baada ya kufika, mikono ilianza kurukaruka. Alijaribu kuupeleka mkono wa kulia usoni, ukafika katikati, ukaanguka, ukainuka tena kwa mshtuko. Kichwa kilibiringika kushoto na kulia juu ya mto. Kope zilikuwa zimefumba nusu, na mboni zilionekana zikizunguka chini yake. Muuguzi alimwinamia akauliza, “Mama, unanisikia?”, na hakupata jibu. Hapo palikuwa na mgonjwa aliyetukutika mara mbili siku hiyohiyo, ambaye shinikizo lake bado liko juu, na sasa anarusha mikono. Muuguzi alifanya kile ambacho mwongozo wa kifafa cha mimba humtaka afanye mitukutiko inaporudi: alidunga gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa kwa muda wa dakika tano.

Mikono ilitulia, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba dawa imefanya kazi. Kisha ikaanza kusikika sauti ya kukoroma. Kila alipovuta pumzi tumbo liliinuka, lakini kifua kilibonyea ndani badala ya kupanuka, na ngozi iliyo juu ya mfupa wa kidari ikazama. Mate yalikuwa yakikusanyika pembeni mwa mdomo bila kumezwa. Kipima oksijeni kilibaki 96 kwa dakika kadhaa, kisha kikasoma 90, 82 na 71 kwa muda usiozidi dakika mbili.

Muuguzi aliita msaada, akasukuma taya la mgonjwa mbele na kuanza kumpumulisha kwa mfuko na barakoa. Mtaalamu wa usingizi alipofika, alifyonza mate, akampa dozi ndogo ya thiopentoni, akaingiza tena mpira wa kupumulia bila kuongeza dawa yoyote ya kulegeza misuli. Oksijeni ilirudi 99. Gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, inayopinga magnesiamu, ilidungwa polepole. Kichochea neva, kifaa cha kupima ulegevu wa misuli kwa mishtuko midogo ya umeme, kilichokuwa kabatini kilitolewa na kufungwa kwenye kifundo cha mkono.

Kwa nini mgonjwa anayepumua mara 28 alizibwa pumzi

Jibu limo katika ukweli mmoja ambao kila anayeshika sindano ya vekuroniamu ameusikia darasani, lakini ambao husahaulika mfuko wa mashine unapoanza kucheza: misuli ya mwili hailegei kwa pamoja wala hairudiwi na nguvu kwa pamoja. Kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo na ambao ndio huvuta sehemu kubwa ya hewa, ndicho kigumu kuliko yote kulegezwa na ndicho hutangulia kupata nafuu. Misuli ya koromeo, ya ulimi na ile inayozuia chakula kuingia njia ya hewa ni miongoni mwa ya mwisho.

Sababu iko pale neva inapokutana na msuli. Ujumbe wa neva unapofika mwisho wake, kalsiamu huingia ndani ya ncha ya neva na kusababisha asetilikolini imwagwe kwenye upenyo mwembamba ulioko kati yake na msuli. Asetilikolini hiyo hukamata vipokezi vilivyo upande wa msuli, na msuli hujikunja. Vekuroniamu na ndugu zake, yaani pankuroniamu, rokuroniamu na atrakuriamu, hukalia vipokezi hivyo bila kuviamsha. Lakini msuli una vipokezi vingi kuliko vile unavyohitaji. Katika misuli mingi ni lazima takriban robo tatu ya vipokezi vizibwe kabla nguvu haijaanza kupungua kwa namna inayoonekana, na katika kiwambo akiba hiyo ni kubwa zaidi, kiasi kwamba hadi karibu tisa ya kumi ya vipokezi vyake vinaweza kuzibwa na bado kikavuta hewa. Ndiyo maana kulegeza kiwambo kabisa huhitaji dozi iliyo karibu mara mbili ya ile inayolegeza misuli ya kidole gumba.

Kwa mgonjwa huyu, maana yake ni kwamba ule mfuko uliokuwa ukijaa na kusinyaa saa tano na dakika ishirini na tano ulikuwa unatoa habari za kiwambo peke yake. Mpira wa kupumulia ulikuwa bado umo, nao ulikuwa umefungua njia ambayo koromeo lake lisingeweza kuifungua lenyewe. Alipotolewa mpira, kazi ile ikarudi kwa misuli ambayo bado ilikuwa imelegea. Kiwambo chenye nguvu kikivuta hewa kupitia koromeo legevu hulifanya koromeo linywee ndani, na kadiri kinavyovuta kwa nguvu ndivyo njia inavyozidi kuziba. Kubonyea kwa kifua huku tumbo likiinuka ndiyo picha yake.

Katika miaka ya 1990 na 2000 watafiti wa Karolinska, Stockholm, waliwapa watu wa kujitolea waliokuwa macho dozi ndogo za dawa hizi na kutazama jinsi wanavyomeza. Waliona kwamba uratibu wa kumeza unavurugika, na wengine wanapaliwa, hata pale ambapo kipimo cha nguvu za kidole gumba kilikuwa kimefikia kiwango ambacho zamani kilihesabiwa kuwa salama. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kuipa neva ya mkono mishtuko midogo minne ya umeme, ikiachana kwa nusu sekunde, kisha nguvu ya mruko wa nne hulinganishwa na ya ule wa kwanza. Katika miaka ya 1970 uwiano wa 0.7 ulikubalika kwa sababu mgonjwa aliyeufikia alionekana anavuta hewa ya kutosha. Leo kinachotakiwa ni 0.9 au zaidi, na aliyesababisha kiwango kipandishwe ni koromeo, kwa kuwa kiwambo hakikuwahi kulalamika.

Kuna jambo la pili, lisiloonekana kwa macho. Mwili una vihisi vya oksijeni shingoni, pale mshipa mkuu wa damu unapogawanyika kwenda usoni na kwenye ubongo, na vihisi hivyo hutumia vipokezi vya asetilikolini vya jamii inayokaribiana na vile vya misuli. Vekuroniamu huvigusa pia. Watu wa kujitolea waliolegezwa kidogo, uwiano wao ukiwa karibu na 0.7, waliitikia upungufu wa oksijeni kwa unyonge kuliko walivyoitikia kabla ya dawa, ijapokuwa mwitikio wao kwa hewa ya ukaa ulibaki karibu kama ulivyokuwa. Kwa maneno mengine, dawa hii hulegeza koo na wakati huohuo hupunguza ukali wa kengele ambayo ingemwamsha mgonjwa apambane. Ubongo wenyewe hauingiliwi, kwa sababu dawa hizi hazivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo.

Magnesiamu iliingilia wapi

Mpaka hapo kisa kingeweza kuwa cha mgonjwa yeyote aliyetolewa mpira mapema. Kinachokifanya kiwe kigumu zaidi ni kwamba magnesiamu hufanya kazi mahali palepale, ila upande wa pili wa upenyo. Huizuia kalsiamu isiingie kwenye ncha ya neva, na matokeo yake asetilikolini inayomwagwa hupungua. Vekuroniamu imekalia vipokezi, magnesiamu imepunguza kile ambacho kingeshindana nayo. Hazijumlishwi tu, kila moja huikuza nyenzake. Utafiti uliofanywa Geneva katikati ya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wagonjwa waliotangulia kupewa magnesiamu walihitaji vekuroniamu pungufu kwa karibu robo, na dozi ileile iliyodumu takriban dakika 25 kwa wengine ilidumu zaidi ya dakika 40 kwao. Kundi hilohilo la watafiti lilionyesha pia kwamba mgonjwa ambaye tayari ameanza kupata nafuu huweza kulegea upya akidungwa magnesiamu kwenye mshipa, jambo ambalo ndilo hasa lililotokea katika chumba cha kuamkia cha kisa hiki.

Mgonjwa wetu alikuwa na gramu 14 mwilini kabla ya kulazwa kwa nusukaputi, na zile 10 za matakoni zilikuwa bado zinaendelea kuingia kwenye damu. Figo ndizo huondoa magnesiamu, na figo za mama mwenye kifafa cha mimba mara nyingi zimechoka. Miligramu 5 za vekuroniamu, ambazo kwa mama mwingine wa kilo 70 zingehesabiwa kuwa dozi ya wastani, kwake zilikuwa nyingi.

Neostigmini nayo haikuweza kuziba pengo hilo. Watu huizungumzia kana kwamba inaiondoa vekuroniamu mwilini, na dhana hiyo ndiyo mzizi wa makosa mengi. Neostigmini huchelewesha kuvunjwa kwa asetilikolini iliyokwisha kumwagwa, ili iwe nyingi na iweze kushindana kwenye vipokezi. Haitengenezi asetilikolini nyingine. Pale ambapo magnesiamu imepunguza kile kinachomwagwa, neostigmini haina kitu kikubwa cha kukuza. Aidha huhitaji muda: kilele chake huja baada ya dakika kama kumi, na huchelewa zaidi ikiwa ilitolewa wakati ulegevu bado ni mzito. Dakika saba zilikuwa chache. Dozi kubwa zaidi isingesaidia sana pia, kwa maana ikishafikia kikomo chake, kila kinachoongezwa huleta mate mengi, mapigo ya polepole na hata unyonge wa misuli.

Mitukutiko ambayo haikuwa mitukutiko

Naona hapa ndipo kisa kina uzito wake wote. Muuguzi hakukiuka mwongozo, aliufuata. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemwambia kuwa mgonjwa anayerudiwa na nguvu nusunusu hurusha viungo hivyo. Msuli uliozibwa kwa sehemu huanza kwa nguvu kisha huishiwa nguvu, kwa hiyo mwendo ambao ungekuwa laini huwa wa mikatomikato, kama wa samaki aliyetolewa majini. Mgonjwa hajazimia. Anajaribu kuondoa barakoa, anajaribu kuinua kichwa, anajaribu kusema hapati pumzi.

Tofauti zipo, na zinaonekana kwa anayejua pa kutazama. Mitukutiko ya kifafa cha mimba humkaza mgonjwa mwili mzima, taya hubana, macho hukodoa, kisha huja mishtuko ya mpangilio mmoja inayopungua kasi hadi kuisha, na baada yake mgonjwa huwa hajitambui. Ulegevu uliosalia hauna mpangilio huo. Mienendo huelekea mahali, yaani mkono huenda usoni na kichwa huelekea anakotoka msemaji. Taya huwa limelegea. Kope huanguka hata pale mgonjwa anapojitahidi kufumbua macho. Akiombwa abane vidole vya muuguzi atajaribu, kisha vidole vitateleza. Kijiti cha mbao cha kukandamizia ulimi kikiwekwa kati ya meno yake, kitavutika kwa urahisi, na hicho ni kipimo kizuri kuliko kuinua kichwa, kwa kuwa wapo wanaoweza kushikilia kichwa juu kwa sekunde tano huku uwiano wa kidole gumba ukiwa bado kati ya 0.5 na 0.6.

Vipimo vya kawaida vya sumu ya magnesiamu navyo hupoteza maana katika hali hii. Goti lisiporuka likigongwa, je, ni magnesiamu iliyozidi au ni vekuroniamu iliyosalia? Haijulikani, kwani zote mbili huliua ruko hilo. Idadi ya pumzi inapotosha zaidi. Sumu ya magnesiamu inapokuwa peke yake hupunguza pumzi, ndiyo maana karatasi ikaweka mpaka wa 16. Lakini mwenye misuli dhaifu hupumua harakaharaka na kwa juujuu, kwa sababu kila pumzi ni ndogo na anajaribu kufidia kwa wingi wake. Pumzi 28 kwa dakika ilikuwa dalili ya hatari iliyoandikwa kwenye safu ya mambo yaliyo sawa.

Kuhusu ile 98 ya kipima oksijeni

Wengi watauliza kwa nini namba ilibaki nzuri muda wote huo. Hesabu fupi inatosha. Usawa wa bahari, mgonjwa asiye na oksijeni ya ziada akipumua kidogo mno hadi hewa ya ukaa katika damu ikafika milimita 90 za zebaki badala ya 40 za kawaida, oksijeni ndani ya vifuko vyake vya hewa itakuwa karibu 37, na kipima oksijeni kitapiga kelele mara moja. Mgonjwa huyohuyo akivalishwa barakoa inayomfikishia asilimia 40 ya oksijeni, akiwa na hewa ya ukaa ileile ya 90, vifuko vyake vitakuwa na zaidi ya 170, na damu yake itasoma karibu asilimia 98. Barakoa imemlinda dhidi ya upungufu wa oksijeni, jambo ambalo ni jema na halipaswi kuondolewa, lakini imeficha kwamba hapumui vya kutosha. Namba hiyo huporomoka tu pale njia inapoziba kabisa, na inapoporomoka huenda kwa kasi, hasa kwa mama aliyetoka kujifungua ambaye mapafu yake yana akiba ndogo na mwili wake unatumia oksijeni nyingi.

Hewa ya ukaa inayojikusanya pia haikai bure. Huifanya damu kuwa na asidi, na asidi hiyo huizidishia nguvu vekuroniamu na kuipunguzia neostigmini. Mgonjwa anayepumua vibaya kwa sababu ya ulegevu hulegea zaidi kwa sababu anapumua vibaya.

Maelezo mengine yaliyofikiriwa

Timu ilijiuliza kama tatizo lilikuwa suksamethonia. Mimba hupunguza kimeng'enya cha damu kinachoivunja, na wapo watu waliozaliwa na kimeng'enya dhaifu ambao dozi moja huwalegeza kwa saa kadhaa. Lakini mgonjwa huyu alikohoa juu ya mpira kabla ya kupewa vekuroniamu, kwa hiyo suksamethonia ilikuwa imekwisha. Kuvuja damu kwenye ubongo, ambako ndiko huua wengi wenye kifafa cha mimba, kuliangaliwa kwa uzito zaidi: mboni zilipimwa, zilikuwa sawa na ziliitikia mwanga. Dawa kali za maumivu hazikuwa zimetolewa ila kidogo mwishoni mwa upasuaji, na mwenye kuzidiwa nazo hupumua polepole, mboni zake zikiwa ndogo. Uvimbe wa zoloto ulitafutwa mpira ulipokuwa unarudishwa na haukuonekana.

Kichochea neva ndicho kilichomaliza ubishi. Katika mishtuko minne kidole gumba kiliruka mara mbili, wa pili ukiwa hafifu kuliko wa kwanza. Dakika chache baada ya kalsiamu mruko wa tatu ulionekana. Kalsiamu ilikuwa imelirudishia neva sehemu ya kile magnesiamu ilichokizuia, na kilichobaki kilikuwa cha vekuroniamu.

Uamuzi wa kurudisha mpira bila suksamethonia unastahili kuelezwa, kwa kuwa katika dharura mkono huikimbilia. Neostigmini haichagui: huzuia pia kimeng'enya kile cha damu kinachoivunja suksamethonia. Mgonjwa aliyepewa neostigmini nusu saa iliyopita akidungwa suksamethonia anaweza kubaki amelegea kwa muda mrefu kuliko kawaida, na tatizo moja likawa mawili. Kwa kuwa misuli ya koo lake ilikuwa tayari imelegea, haikuhitajika. Thiopentoni ilihitajika, kwa sababu mbili. Kuingizwa mpira hupandisha shinikizo, na shinikizo la 170 halikuwa na nafasi ya kupanda. Sababu ya pili ni kwamba mgonjwa alikuwa macho. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1947, daktari wa usingizi wa Salt Lake City, Marekani, Scott Smith, alijitolea adungwe tubokurarini, dawa ya kulegeza misuli ya enzi hizo, bila dawa ya usingizi hadi akashindwa kupumua na kutikisa kiungo chochote, wenzake wakimpumulisha. Baadaye aliweza kueleza yote yaliyosemwa na kufanywa. Asiyeweza kujibu “unanisikia?” anaweza kuwa amesikia kila neno.

Kilichoweza kufanywa tofauti

Kwa maoni yangu kosa la msingi lilitendeka saa nne na dakika arobaini na tano. Mtoto alikuwa amekwisha toka. Kilichobaki kilikuwa kushona, na kwa mama mwenye gramu 14 za magnesiamu mwilini, kuongeza kidogo dawa ya usingizi ya kuvuta, huku ukiangalia isilegeze mno mji wa mimba, kungetosha kumtuliza. Na kama vekuroniamu ingelazimu, miligramu 1 hadi 2 zingefanya kazi ya zile 5. Upasuaji mwingi wa kujifungua humalizika vizuri kwa suksamethonia pekee.

Kichochea neva kilikuwapo hospitalini, kabatini, na betri yake ilikuwa nzima. Kukitumia huchukua dakika moja. Hata chenyewe kina mpaka wake, kwa sababu jicho na mkono wa mtu hushindwa kuona tofauti kati ya mruko wa kwanza na wa nne pindi uwiano unapovuka 0.4 hivi, hivyo miruko minne inayoonekana sawa haimaanishi 0.9. Lakini ile miwili tu ya mgonjwa huyu, au hata mitatu, ingeonekana na mtu yeyote, na mpira usingetolewa. Katika hospitali zenye uwezo, sugamadeksi ingeizungushia vekuroniamu na kuitoa kwenye vipokezi bila kutegemea kiasi cha asetilikolini, na hapo magnesiamu isingekuwa kikwazo kikubwa. Bei yake bado huifanya iwe dawa ya kusikia katika hospitali nyingi za wilaya.

Jambo hili si geni. Dawa za kulegeza misuli ziliingia katika upasuaji tarehe 23 Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson walipomdunga mgonjwa kurare huko Montreal, Kanada. Mwaka 1954 Beecher na Todd walichapisha hesabu za takriban nusukaputi 600,000 kutoka hospitali 10 za Marekani, zikionyesha kifo 1 kwa kila wagonjwa 370 waliopewa dawa za kulegeza misuli, na 1 kwa kila 2,100 ambao hawakupewa. Wao walidhani dawa zenyewe zina sumu ya asili. Wengi waliowafuata wameona sababu ya karibu zaidi: wakati huo wagonjwa wengi waliachwa wapumue wenyewe wakiwa bado wamelegea.

Makabidhiano nayo yalikuwa mafupi mno. Muuguzi wa chumba cha kuamkia aliambiwa kwamba upasuaji umekwenda vizuri, damu iliyopotea ni mililita 600, oksitosini ya kukaza mji wa mimba inaendelea. Hakuambiwa ni dawa gani ya kulegeza iliyotumika, saa ngapi, wala kwamba dozi ya ziada ya magnesiamu isitolewe kabla mtaalamu wa usingizi hajaitwa kumwona mgonjwa kwanza. Sentensi hiyo moja ya mwisho ingebadilisha usiku wote. Aliyeijua ni mtaalamu wa usingizi, na ni juu yake kuisema.

Mgonjwa alibaki kwenye mashine katika chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na mkojo wake ukipimwa kila saa. Alfajiri miruko yote minne ilikuwa imerudi. Saa tatu asubuhi haikuonekana tofauti kati ya wa kwanza na wa nne, alibana kijiti kwa meno hata hakikuvutika, akameza mate yake mwenyewe, na mpira ukatolewa. Magnesiamu, ambayo ilikuwa imesimamishwa, ilirudishwa kwa dozi ya kawaida ya gramu 5 kila baada ya saa nne hadi yatimie masaa 24, safari hii muuguzi akikagua nguvu za kubana vidole pamoja na goti na pumzi. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kuanza kusema kwamba nusukaputi haimpatani. Walielezwa kwamba halikuwa tatizo la damu yake wala mzio, na katika kadi yake ya kliniki yaliandikwa majina ya dawa mbili, dozi zake na saa zilipotolewa, ili atakayemlaza safari nyingine asije akamnyima nusukaputi anayoihitaji.